Chupa Zisizo na Majina

Siku niliyochoka nilikuwa nimekaa kiti cha mwisho, karibu na mlango wa ukumbi wa kituo, kwa sababu mtoto wangu alikuwa analia nje, yuko na bibi yake, na nilitaka nimsikie. Ndugu Kalinga, mkuu wa mafunzo, alikuwa anasoma taarifa ya uchunguzi mbele ya wafanyakazi wote na wanafunzi wa chuo kikuu waliokuwa kwetu msimu ule. Alisoma polepole, kama mtu anayesoma hotuba. Akafika penye chanzo cha kuharibika kwa hamira ya karanga tuliyowatengenezea wakulima, akasoma: "Uchafu huo yaelekea uliletwa na mtumishi mmoja anayenyonyesha."

Kituo kizima, mtumishi anayenyonyesha alikuwa mmoja. Watu hawakuhitaji kugeuka, lakini waligeuka.

Nikauliza, "Niliuleta vipi?"

Ndugu Kalinga akasema nisubiri muda wa maswali. Ndugu Festo, mmoja wa wale wanafunzi, kijana mpole niliyemfundisha mwenyewe kushika chupa, akasimama kumsaidia mkubwa. "Dada, usichukulie vibaya. Kisayansi, maziwa ni chakula kizuri sana cha bakteria. Yakigusa koti, koti likigusa meza..."

"Uliyaona yakigusa meza?"

"Nasema kisayansi."

Kifua kilikuwa kimejaa, maana wakati wa kunyonyesha ulikuwa umepita, na gauni lilikuwa limeanza kulowa pande mbili. Mtu mmoja kwenye meza ya wakubwa akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Basi ndipo nilipochoka. Nikanyanyuka, nikaingia maabara, chumba cha pili tu kutoka hapo, nikachukua kisahani cha jeli ya kuoteshea vijidudu, ambacho hakijafunguliwa, nikarudi nacho ukumbini. Nikawapa mgongo, nikafungua gauni, nikakamua. Nikafunika. Kwa kalamu ya nta nikaandika juu ya kifuniko M.S., herufi za jina langu, Mwanahawa Saidi, nikakiweka mbele ya Ndugu Kalinga, juu ya karatasi zake.

"Haya, kiwekeni kwenye kabati la joto," nikasema. "Kikiota kile kilichoota kwenye hamira yenu, nitaondoka mwenyewe. Hamtahitaji hata gari la kunipeleka."

Sasa nimestaafu. Barua inasema nimestaafishwa kwa manufaa ya umma. Wenzangu hustaafu na mvi na mkongojo, mimi nimestaafu na mtoto anayeota meno. Ninayaandika haya kwa wasichana watakaoshika kazi hii baada yangu, na kwa nyinyi wa chuo kikuu mtakaokuja kituoni kufundishwa kazi. Habari za vyeo na mshahara sitazigusa. Vyeo sikupata, na mshahara mnaujua.

Nilifika kituoni nikitoka kidato cha nne. Kwetu ni Tingi, wilaya ya Kilwa. Baba ni mkulima wa korosho na muhogo, na aliposikia serikali imenipangia maabara alitangaza kijiji kizima kwamba bintiye ameitwa kuwa daktari. Nilikuta kituo kidogo nje ya Lindi, upande wa kwenda Rutamba: nyumba chache za bati, bohari, kisima, na shamba la majaribio.

Kazi yetu ilikuwa hivi. Ukiing'oa karanga yenye afya utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Ndani ya vinundu wamo vijidudu vinavyoilisha karanga kwa kuchukua chakula kwenye hewa. Sisi tulivikamata, tukavikuza ndani ya chupa kwa maji ya sukari, tukavichanganya na udongo mweusi wa bondeni uliochekechwa na kupikwa kwa mvuke, tukavitia katika vifuko vya nailoni. Mkulima anaipaka mbegu yake kivulini, anapanda siku hiyo hiyo, na karanga inazaa hata kwenye mchanga uliochoka. Kina mama wa vijijini waliiita hamira ya karanga. Na sisi tukaiita hivyo, maana jina letu la kitaalamu lilikuwa refu na halikumsaidia mtu.

Aliyenipokea ni Bwana Akbar, fundi wa maabara. Kwao walikuwa na duka la vitambaa Lindi mjini, ila yeye duka lilimshinda. "Nilikuwa napima kitambaa kirefu mno," aliniambia. "Baba akaona nitafilisi ukoo, akanileta serikalini."

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua macho kwenye darubini.

"Umesoma mpaka wapi, binti?"

"Kidato cha nne."

"Na bayolojia umesoma?"

"Nimesoma."

"Vizuri. Utaosha chupa mpaka uisahau. Halafu tutaanza."

Hakuwa anatania. Niliosha chupa mpaka vidole vikakunjamana kama vya mzee. Alinifundisha kuzitazama zinapochuruzika: maji yakiteremka kama pazia, chupa ni safi, yakibaki matone matone, bado kuna mafuta, rudia. Baada ya chupa akanipa sufuria la mvuke, lile zito lenye mfuniko wa kukaza kwa skrubu, tulilolibandika juu ya stovu ya kusukuma. Kazi ya aliyekaa na sufuria ni moja, kukaa nalo. Mvuke ukianza kulia wewe unaanza kuhesabu muda, na huondoki kwenda kumsalimia mtu. Baada ya sufuria, taa ya spiriti na ule waya wa kuhamishia vijidudu: unauunguza mpaka uwe mwekundu, unausubiri upoe, unagusa, unaunguza tena. Juu ya kisahani kilicho wazi hakuna kuongea. Nikisahau, Bwana Akbar alikuwa anafunika kwanza kisahani, kisha anasema, "Haya, sasa zungumza, nimekisitiri."

Na kila chupa uliyoitia mkono unaiandikia herufi za jina lako. Nilidhani ni kwa ajili ya sifa. Akacheka. "Sifa ya nini? Hii ni kwa siku itakapooza. Ikioza bila jina, tutamwaga kazi ya watu wote. Ikiwa na jina, tunamwita mwenyewe, tunamwuliza alifanyaje, tunarekebisha, tunakunywa chai." Alimaanisha hivyo. Chupa zangu zilioza mara nyingi, na chai nilikunywa.

Mwaka ambao jeli ya kutoka nje ilikosekana nchini, kituo kilitaka kufunga maabara. Bwana Akbar akasema jeli yenyewe asili yake ni mwani, na mwani tunao. Akaagiza kwa kina mama wa Songo Mnara, wakaanika, magunia yakaja kwa mashua mpaka Kilwa na kwa lori mpaka kwetu. Tuliuchemsha nyuma ya bohari kwa wiki nzima. Kituo kilinuka hata mbwa wakahama. Jeli yenyewe ilitoka na rangi ya uji wa mtama, na tuliunguza masufuria mawili, lakini iliganda. Tulifanyia kazi jeli ile msimu mzima, na vijidudu havikulalamika.

Baadaye wakaanza kuja wanafunzi wa shahada ya pili, hao waliokuwa wanasomea namna ya kuvitumikisha viumbe hai. Chuo kiliona wanajua mengi lakini hawajafanya kazi, kikawa kinawaleta kwetu kila msimu wa kupanda wafundishwe kazi: mikono, usafi, kuandika taarifa ya ukurasa mmoja, kuomba vifaa bohari, kusema na wakulima. Sitaki kusikia mtu anasema niliwadharau. Walikuwa na akili, na mengi niliyoyajua kwa mikono nilikuja kuyaelewa kwao. Ndugu Festo huyo huyo ndiye aliyenichorea kwa chaki sakafuni namna kijidudu kinavyoingia kwenye unywele wa mzizi, na nikakaa nikaitazama ile picha mpaka mfagiaji akaifuta.

Ila kufundisha mtu kazi ni kazi. Bohari, kwa mfano. Mwanafunzi mmoja alikwenda kuomba mafuta ya taa, akarudi mikono mitupu akisema mtunza bohari ni adui wa sayansi. Nikamwuliza, "Ulimwamkia?" Hakumwamkia. "Ulimwuliza habari ya mguu wake?" Hakujua kama ana mguu. Mguu wa mtunza bohari ulivunjika kwenye mkonge, na mtu asiyeuulizia hapati hata kiberiti. Nikamrudisha, akauulizia, akakaa kusikiliza habari yote ya mkonge, akatoka na debe.

Kigumu zaidi kilikuwa kusema na wakulima. Katika kijiji cha ujamaa tulichofanyia kazi sana, njia ya Rutamba, kikundi cha kina mama kiliongozwa na Bi Somoe. Utaratibu wao ulikuwa kwamba mgeni akija kuzungumza habari ya kupanda, kila mama anakuja na bakuli la karanga za mbegu, anamenya huku anasikiliza. Bakuli likiisha, mkutano umeisha. Hakuna anayetangaza, wanajipangusa maganda, wanaondoka. Kwa hiyo niliwafundisha wanafunzi wapime maneno yao kwa bakuli la Bi Somoe, maana alikuwa anamenya kwa haraka kuliko wote.

Mmoja hakunisikia. Alianza na asili ya hewa. Akaingia kwenye habari za mvua ya radi. Alipofika kwenye mizizi mabakuli yalikuwa matupu, na Bi Somoe akamwambia kwa upole kabisa, "Mwanangu, karanga zimekwisha. Sasa tumenye nini, vidole?"

Kina mama walicheka mpaka wakalia. Kijana yule aliona aibu, akataka turudi Lindi. Nikamwambia hatuendi mahali. Kesho yake alirudi kwa kina mama na mbegu na maji ya sukari, akakaa chini, akapaka mbegu kwa mikono yake bila kusema ila maneno mawili matatu. Walimwelewa. Alikuja kuwa msemaji mzuri, na nilifurahi kama nimemzaa.

Hiyo ndiyo miaka niliyoipenda. Haikudumu. Nyumba ya kina Bwana Akbar mjini ilichukuliwa na serikali, duka likafungwa, kaka zake wakahama nchi. Yeye alikaa muda mrefu akisema haendi, atazikwa Lindi. Halafu mama yake akamwandikia, akaenda. Siku ya mwisho aliosha chupa zake mwenyewe, moja moja, akazitazama zinachuruzika. Nikamwambia aache, nitaosha. Akasema, "Nisikuachie uchafu wangu." Sijapata habari zake tangu hapo, na sioni wa kumwuliza.

Aliyekuja kusimamia mafunzo ni Ndugu Kalinga. Nitamsema kwa haki. Hakuwa mwizi, hakuwa mlevi, alilima shamba la kituo kila Jumamosi kwa jembe lake, na alituita wote ndugu mpaka mfagiaji. Tena alikuwa anaamini. Wiki yake ya kwanza aliingia maabara, akapita kwenye rafu, akainama kusoma chupa.

"F.M. ni nani?"

"Ndugu Festo," nikamjibu.

"Na M.S.?"

"Mimi."

"Chupa hizi mmezinunua nyinyi?"

"Za kituo, Ndugu."

"Sasa mbona zina majina ya watu?" Akatugeukia wote. "Nchi nzima tunahamia kuishi na kufanya kazi pamoja, na humu ndani mmegawana vishamba, kila mtu na chake, ndani ya chupa."

Wanafunzi walicheka wakidhani ni utani. Yeye hakucheka. Akaagiza majina yafutwe yote, na kuanzia siku hiyo kila chupa iandikwe K, yaani Kituo, basi. Mafunzo nayo yakawa ya pamoja: hakuna tena mtu kukamilisha chupa yake mwanzo hadi mwisho na kupimwa kwa hiyo. Mmoja anafungua, wa pili anatia, wa tatu anafunika, anayepita karibu anaangalia sufuria.

Nilimwambia pale pale, mbele ya watu, "Ndugu Kalinga, zikioza tutaanzia wapi kutafuta?"

"Tutaanzia kwetu sote," akasema.

Ilisikika vizuri, hata mimi nakiri. Wanafunzi waliipenda amri ile kwa sababu hakuna aliyerudishwa tena kuosha upya. Na mimi nilizifuta herufi kwa kitambaa cha spiriti, moja moja, maana nilikuwa mtumishi. Lakini niliona kitu kikibadilika. Zamani mtu akibandika sufuria alikuwa analisikiliza. Sasa mvuke ukilia kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyeanza kuhesabu. Nilisema hili kwenye kikao, nikaambiwa nina mawazo ya kikoloni niliyoachiwa na mwenye duka. Ndivyo walivyomwita Bwana Akbar, mtu aliyeshindwa kuuza hata mita moja.

Katikati ya hayo nikajifungua. Mama yangu alitoka Tingi akaja kunilea, akaniweka ndani arobaini yangu yote, na likizo ilipoisha nikarudi kazini. Baba yake Rukia ni dereva Nachingwea, huja anapopata safari. Kwa hiyo mama alikuwa anamleta mtoto kwenye kibaraza cha bohari, nami nikiitwa navua koti, nalitundika ndani ya maabara, natoka, nanyonyesha, nanawa kwa sabuni mpaka viwikoni, napaka spiriti, ndipo navaa koti tena. Sikujificha. Ndugu Kalinga alipita akatukuta, akamshika Rukia shavu, akasema, "Mama Rukia, wewe nyonyesha tu. Taifa linahitaji watoto." Mama yangu akamjibu kwa adabu, na alipopita akanong'ona kwamba taifa lingeanza kwa kumpa mzazi kiti.

Msimu huo tulitengeneza hamira nyingi kuliko wakati wowote, kwa sababu vijiji vilikuwa vimeongezeka. Ilitoka, ikapakiwa, ikaenda. Mvua za kupanda zikanyesha. Halafu asubuhi moja nikamwona Bi Somoe langoni, ameteremka kwenye lori la muhogo, ameshika kitu kwenye pindo la kanga.

"Mwanahawa, mwanangu," akasema baada ya salamu, "hamira yenu inanuka kama kidonda."

Akanionyesha kifuko. Ndani palipotakiwa kuwa na udongo mkavukavu palikuwa na ukungu mweusi wenye utelezi. Nikamwuliza kama walipaka hiyo.

"Vifuko vya juu havikunuka, tukapaka. Vya chini tukaviona tumeshapanda nusu. Tungefanyaje, mvua ilikuwa inaondoka?" Akafungua pindo la pili. Zilikuwa karanga alizochimbua shambani kutazama. Zimelainika kama ndizi mbivu, hazina hata chipukizi. "Tulipanda mbegu yote ya kikundi. Hatukubakiza, mlisema hamira hii haikosei."

Tulisema hivyo. Mimi mwenyewe nilisema, tukiwa tumezungukwa na mabakuli.

"Mbegu ya mwakani tutaitoa wapi?" akauliza. Hakuniuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Nikampeleka kwa Ndugu Kalinga. Aliahidi kituo kitachunguza, na chanzo kikijulikana kikundi kitaangaliwa. Bi Somoe akakaa kwenye ngazi akisubiri lori la kurudi. Nikamletea chai, akaiacha ikapoa.

Kamati ya uchunguzi ikawa Ndugu Kalinga na wanafunzi wawili, Festo mmojawao. Walituita mmoja mmoja. Walitaka kujua chupa zilizoharibika alizishika nani. Zote zilikuwa na K. Nani aliangalia sufuria? Sisi. Nani alipika udongo? Sisi. Nani alifunga vifuko? Sisi. Na mimi nilipoingia niliwaambia nilivyojua: "Nilikuwemo. Inawezekana ni mkono wangu. Inawezekana sufuria lilitolewa kabla ya wakati, inawezekana udongo haukuiva. Sijui, na nyinyi hamjui, kwa sababu mlifuta kitu ambacho kingetuambia." Ndugu Festo aliandika maneno yangu. Sikuyasikia tena popote.

Na Ndugu Kalinga hakuweza kuandika kwamba haijulikani. Wakubwa wa Dar es Salaam walitaka chanzo. Akiandika sufuria, swali linalofuata ni nani aliacha utaratibu wa kulikalia. Akiandika udongo, ni hivyo hivyo. Maziwa hayaulizwi maswali. Maziwa yana mwenyewe, na mwenyewe hana shahada.

Ule mkutano mmeshausikia. Kilichofuata ni kwamba Ndugu Kalinga alikitazama kile kisahani, akakisogeza kwa ncha ya kalamu mpaka kikatoka juu ya karatasi zake, akamwita mfagiaji akitupe. Hakikufika kwenye kabati la joto. Mkutano ukafungwa. Mimi nikatoka nje, nikakaa kibarazani, nikamnyonyesha Rukia mbele ya kila aliyepita.

Siku chache baadaye Ndugu Festo alikuja nyumbani. Alisimama mlangoni, mama yangu akakataa kumkaribisha kiti.

"Dada, mimi nilitaka kukiweka kwenye joto. Ndugu Kalinga akanikumbusha kwamba tathmini yangu ya mafunzo hajaiandika bado."

"Ungekiweka kingeota nini?"

"Kitu kingeota. Ngozi ya mtu haikosi vijidudu vyake."

"Ukungu mweusi?"

Akatazama viatu vyake. "Sidhani."

"Basi liseme hilo."

"Nitalisema, dada. Nikishamaliza."

"Ukishamaliza utakuwa mkuu wa kituo fulani, na utakuwa na taarifa zako za kuandika."

Alimpa Rukia pakiti ya biskuti, na Rukia hakuwa na meno. Mama yangu akaipokea, akaweka juu ya kabati, haijafunguliwa hadi leo. Baada ya kijana kuondoka, mama aliniuliza swali moja tu: "Hao wanaoogopa maziwa, wao walikuzwa na nini, maji ya mvua?"

Barua ya kunistaafisha ilikuja na makosa mawili, uzembe katika usafi na kuvua nguo mbele ya viongozi. Kikundi cha Bi Somoe kiliandikiwa kwamba chanzo kimepatikana na mhusika amechukuliwa hatua. Habari ya mbegu haikutajwa. Nilikwenda kuwaona. Walikuwa wamepanda mihogo pale palipokuwa pa karanga, na mabakuli hayakuwepo. Bi Somoe alinikaribisha vizuri, lakini kina mama wengine walikuwa wananiangalia kifua.

Nyinyi mnaokuja, haya ndiyo niliyonayo ya kuwapa. Kaeni na sufuria. Ulizieni mguu wa mtunza bohari. Andikeni majina yenu kwenye kazi yenu, na mkikatazwa, ombeni mkatazwe kwa maandishi. Mkiwa na mtoto mchanga, nyonyesheni mahali ambapo watu wanawaona, na mnawe. Na mkisikia mkubwa anasema tutaanzia kwetu sote, mtazameni nani atakuwa wa mwisho kubaki kwenye hilo neno sisi.

Watu wengi wamenishauri ninyamaze, nina mtoto. Nina mtoto ndiyo maana. Nimepeleka malalamiko, na nakala nimeibandika hapa kama ilivyokwenda.

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Wafanyakazi. Nakala kwa Afisa Kazi, Lindi.

Yah: Malalamiko juu ya kustaafishwa kwangu na juu ya taarifa ya uchunguzi wa hamira ya karanga.

Ndugu Mwenyekiti,

Mimi niliyekuwa msaidizi wa maabara na mfundishaji wa wanafunzi wa chuo kikuu katika kazi za mikono, nalalamika kama ifuatavyo.

Nalalamika kwamba mkuu wa mafunzo aliamuru majina yafutwe kwenye kazi za maabara, nikapinga mbele ya mashahidi, na kazi ilipoharibika likaandikwa jina moja tu, langu, bila mtu yeyote kuniona nikifanya kosa lolote.

Nalalamika kwamba kunyonyesha kwangu kulijulikana na kuruhusiwa na mkuu huyo huyo kwa kinywa chake, kisha kukaitwa uchafu. Hakuna kipimo kilichofanywa. Nilitoa cha kupimwa, kikatupwa. Ikiwa nilivua nguo mbele ya viongozi, viongozi walikuwa wameshanivua kwa taarifa yao kabla sijagusa kifungo.

Nalalamika pia kwa ajili ya kikundi cha kina mama waliopoteza mbegu yote kwa kutumia hamira tuliyowapa. Waliahidiwa kuangaliwa chanzo kikijulikana. Kustaafishwa kwangu hakuoti shambani. Naomba kituo kiwape mbegu kutoka shamba lake la majaribio kabla ya mvua zijazo, iwe mimi nimerudishwa kazini au sikurudishwa.

Kuhusu taarifa ya uchunguzi, naomba ifutwe. Ikiwa haiwezi kufutwa, naomba yaandikwe ndani yake majina ya wote tulioshika hamira ile, wanafunzi, watumishi na mkuu wa mafunzo, jina langu likiwemo, na chini ya majina yote iandikwe kwamba aliyekosea hajulikani. Niko tayari kutia sahihi taarifa hiyo hata leo.

Mwanahawa Saidi